Fidia ya Ajali Isingoje Kosa

Tuchukue mfano wa daladala inayotoka Kariakoo kwenda Segerea. Breki zinakatika, gari linapinduka. Wanavunjika miguu watu wawili: kondakta aliyeajiriwa kwa taratibu, na mama wa Kipemba aliyekuja kumtazama mwanawe. Kondakta atafidiwa bila ya kuulizwa nani mkosa, kwani Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 hutazama kwanza kama ameumia kazini. Mama yule hana bahati hiyo. Yeye hana budi kuthibitisha uzembe.

Mambo haya yanatokana na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, tuliyoirithi kwa mkoloni. Sheria hiyo inamlazimisha mwenye gari kukata bima kwa ajili ya watu wengine, na hilo ni jema. Lakini mahakama zetu huisoma kama ilivyoandikwa: kampuni ya bima hulazimika kulipa baada ya hukumu kutolewa dhidi ya mwenye gari. Basi mdai aanze kwa kushtaki, alete mashahidi, ajibu hoja ya dereva kwamba breki zilikatika ghafla. Kisha athibitishe gharama zake shilingi kwa shilingi, kanuni ambayo Mahakama ya Rufani iliikariri mwaka 1992. Na muda wa kufungua madai hayo ni miaka 3 tu.

Ni kweli kwamba madai mengine humalizika kwa mapatano nje ya mahakama. Lakini mapatano baina ya mwenye njaa na mwenye fedha hayawi sawa.

Hatuwalaumu mahakimu. Kazi yao ni kutafsiri sheria, si kuitunga. Kasoro imo katika sheria yenyewe.

Wapo wasemao kwamba fidia isiyongoja kosa ni fikra ya kigeni. Naam, New Zealand wanaitumia tangu mwaka 1974. Lakini sisi tuliokaa chuoni kabla ya kuingia skuli tulifundishwa kwamba aliyeua kwa kukosea hutolewa diya, na mzigo wake hubebwa na jamaa zake wa kiumeni, ndio akila. Hakukusudia, lakini wafiwa wana haki yao, na mzigo hugawanywa ili usimvunje mtu mmoja. Bima ndiyo akila ya zama hizi.

Wengine wanahofu kwamba madereva watazidi kutojali. Hofu hiyo haina msingi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ingalipo: dereva mzembe ashtakiwe, na ikibidi anyang'anywe leseni. Adhabu ni ya mkosa, fidia ni ya majeruhi. Tusiyachanganye mawili hayo.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa Serikali ipeleke Bungeni marekebisho. Gharama za matibabu, mazishi na riziki iliyopotea zilipwe na bima ya gari lililohusika, kwa kiwango kitakachowekwa na sheria, bila ya kungoja hukumu. Anayedai zaidi ya hapo, milango ya mahakama ibaki wazi kwake. Na pale gari linapokimbia lisijulikane, uwepo mfuko wa kumlipa majeruhi. Baraza la Wawakilishi nalo liitazame sheria ya Visiwani kwa jicho hilo hilo.

Mguu uliovunjika hauulizi kosa lilikuwa la nani. Unauliza nani atalipa hospitali.