Karte munaiomba ya nini?

Vita ilipofunga barabara ya Minova mwaka 2024, njia yetu ilikuwa ziwa. Kwenye bandari, kabla ya kupanda boti, tunaombwa karte. Gani? Ile ya mupiga kura, juu karte ya taifa wengi wetu hatujaishika hata siku moja. Ukiipoteza, lipa cheti cha kuipoteza. Ukikosa cheti, toa ya sukari: unapita, na hakuna anayeuliza tena jina lako.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, watu wakiiona. Ndani mulikuwa watu wangapi? Kila mukubwa alitoa hesabu yake.

Tunadai: ukiangalia karte, andika jina, na liste ibaki bandarini mbele boti iondoke. Ya sukari, hatutoi tena.