Kufanana si Kuwa Kitu Kimoja

Somo la sayansi katika shule za msingi lina kazi nyingi za kulinganisha. Mtoto huambiwa alinganishe kuku na ng'ombe, jani na jani, mbegu na mbegu. Kazi hiyo ni njema, lakini aghalabu hukomea kwenye macho: vitu vyenye sura moja au jina moja huwekwa kundi moja, na mwalimu hutia alama ya vyema. Sisi twaona kwamba hapo mtoto bado hajafika kwenye sayansi. Hoja yetu twaieleza kwa mfano wa wataalamu waliolinganisha tishu za wanyama.

Mwaka 1966 R. H. Wasserman na A. N. Taylor, wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walieleza protini waliyoipata katika utumbo wa vifaranga. Protini hiyo hushika kalsiamu, yaani madini yajengayo mifupa na gamba la yai. Ilitokea katika utumbo wa vifaranga waliokosa vitamini D pale walipopewa vitamini hiyo. Baadaye iliitwa kalbindini. Swali lililofuata lilikuwa hili: je, ipo pia katika viungo vingine na katika wanyama wengine?

Chombo kimoja cha kujibia swali hilo kilikuwa kingamwili. Protini iliyosafishwa hudungwa katika mwili wa mnyama mwingine, kwa mfano sungura. Mwili wa sungura huiona kuwa ni mgeni, nao huunda kingamwili za kuikamata. Majimaji ya damu yake hutiwa juu ya kipande chembamba sana cha tishu. Kingamwili hushikamana na protini mahali ilipo; zisizoshika kitu huoshwa, na rangi maalumu huonyesha zilizobaki.

Matokeo yalikuwa ya ajabu. Kingamwili zilizotokana na protini ya utumbo wa kuku zilishika protini ya namna ile ile katika figo na ubongo wa mamalia. Lakini protini inayoshika kalsiamu inayofyonzwa na utumbo wa mamalia hazikuitambua, kwa kuwa ni nyingine: uzito wake ni daltoni 9,000 hivi, ilhali ile ya kuku ni 28,000 hivi. Basi utumbo na utumbo, wenye jina moja na kazi moja, ulitofautiana. Utumbo wa kuku na ubongo wa panya, visivyofanana hata kidogo, vilikuwa na protini ya ukoo mmoja. Nani angaliyajua hayo kwa kutazama tu?

Hata hivyo, kingamwili nayo yaweza kupotosha. Mwaka 1987 ilielezwa protini nyingine ya mishipa ya fahamu, iitwayo kalretinini, ambayo muundo wake wakaribia ule wa kalbindini. Ikaonekana kwamba baadhi ya kingamwili za kalbindini hushika kalretinini pia. Rangi ile ile, protini mbili! Kwa hiyo mtaalamu mwangalifu haridhiki na rangi. Hutumia pia majimaji ya damu ya sungura asiyedungwa, hupima uzito wa protini iliyoshikwa, na hujaribu kingamwili zake katika tishu ya mnyama asiye na protini hiyo kabisa.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni makubwa mno kwa mtoto wa shule ya msingi. Twakubali kwamba kingamwili hazina nafasi katika darasa lake. Lakini njia ya kufikiri yaingia darasani bila gharama kubwa. Mwalimu na adondoshe iodini juu ya kipande cha muhogo, kipande cha kiazi, na chumvi kidogo. Muhogo na kiazi vitageuka rangi ya buluu iliyokoza. Chumvi haitageuka hivyo. Kisha aulize: je, muhogo na kiazi ni kitu kimoja? Watoto watagundua wenyewe kwamba iodini imejibu swali moja tu, la wanga, na kwamba bila ile chumvi wasingejua kama rangi hiyo hutokea kwa kila kitu.

Tena, jambo hili lamgusa mwalimu mwenyewe. Swali moja tuliulizalo darasani ni kipimo kama hicho. Mtoto aliyekariri na mtoto aliyeelewa huweza kulijibu kwa maneno yale yale, nasi tukawapa alama sawa. Mtoto mwingine hunyamaza kwa sababu swali halikugusa kile anachokijua, nasi tukamwita mzito. Hukumu ya namna hiyo yaweza kumfuata miaka yote ya shule. Mtaalamu akikosea kuhusu protini, aweza kurudia jaribio kesho. Mtoto aliyekwisha kukata tamaa hatungojei.

Kwa hiyo twawasihi wanachuo wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha: katika kila andalio la somo lenye ulinganishaji, wekeni kitu ambacho jibu lake mwalijua tangu mwanzo, na wekeni swali la pili lililo tofauti na la kwanza. Msimpime mtoto kwa swali moja, wala msimfundishe kuupima ulimwengu kwa njia moja.