Mfuko wa mwani uliotufundisha adabu



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa nchi kavu na bahari. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, mazungumzo yetu ya wiki hii ni kuhusu mwani. Huenda ukashangaa safu hii ya familia imefikaje baharini. Nitaanza na kisa kilichotokea msikitini kwetu, hapa pwani ya mashariki ya Unguja, nami sina budi kukiri kwamba katika kisa hicho sikusimama mahali pazuri.

Ilikuwa mwishoni mwa Shaaban. Kamati ya msikiti ilikuwa ikipokea michango ya futari, nami, kwa wadhifa wangu wa ukatibu, nilikuwa nimekaa barazani na daftari. Mmoja alileta sukari, mwingine unga, mwingine fedha taslimu. Akaja bi mmoja mtu mzima, mjane, amebeba mfuko kichwani. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akautua mfuko mbele yangu. Ulikuwa na mwani mkavu, kilo 6.

"Mwanangu, fedha mwaka huu sina," alisema. "Nilichojaaliwa ni hiki. Kiandike na chenyewe."

Mjumbe mmoja wa kamati akatia mzaha: "Katibu, sasa waumini tutawafuturisha majani ya bahari?" Waliokuwapo wakacheka. Bi yule akainamisha macho, akajifunika vizuri kanga yake, akaondoka. Nami, Allah anisamehe, nilitabasamu. Katika daftari niliandika "mwani, mfuko 1", na sehemu ya thamani nikaiacha wazi.

Usiku nilimsimulia mke wangu kama jambo la kuchekesha. Yeye hakucheka. Mama yake mzazi alikuwa mkulima wa mwani, na ada za masomo yake zilitoka katika kamba zile. Aliniuliza swali moja tu: "Wewe uliyesoma chuo, umesahau hadithi ya kwato ya kondoo?"

Hadithi hiyo imo katika Sahihi Bukhari. Ndani yake Mtume (S.A.W.) anawausia wanawake wa Kiislamu kwamba jirani asiidharau zawadi kwa jirani yake, hata ikiwa ni kwato ya kondoo. Mimi nilikuwa nimedharau sadaka iliyoletwa nyumbani kwa Allah. Ndipo nikataka kukijua vyema kitu kile nilichokicheka.

Kazi iliyo nyuma ya mfuko

Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Walio wengi katika kazi hii ni wanawake. Wakati wa bamvua, maji yanapopwa sana, huingia baharini, hupigilia vigingi, hufunga vipande vya mwani katika kamba, na baada ya kiasi cha wiki 6 huvuna. Kilo 7 au zaidi za mwani mbichi zikikauka huweza kubakia kilo 1 tu. Kwa hiyo kilo 6 zile za sadaka zilikuwa zaidi ya kilo 40 alizozitoa mama yule majini kwa mikono yake.

Mwani huo husafirishwa nchi za nje, na huko hukamuliwa utelezi uitwao karajinani, ambao huganda na kushikamanisha vitu. Hutiwa katika aiskrimu, maziwa ya boksi, dawa ya meno na losheni. Msomaji, ukiona katika boksi la chakula alama ya E407, jua kuwa hiyo ndiyo karajinani. Na ule unga wa agari tunaoununua dukani ili tupike faluda ya Ramadhani, nao asili yake ni mwani wa aina nyingine. Basi tunauza mwani kwa bei ndogo, kisha tunakwenda dukani kununua mwani wa wenzetu.

Hukumu yake

Wapo wanaouliza kama mwani ni chakula halali. Katika mlango wa vyakula, wanazuoni wamefundisha kwamba asili ya mimea ni uhalali, isipokuwa ile inayodhuru, inayolevya au iliyo najisi. Aya ya 96 ya Suratul Maidah nayo imetuhalalishia mawindo ya bahari na chakula chake.

Faida ya elimu hii kwa familia ni kubwa. Vitu vingi vinavyopendwa na watoto, kama vile jeli na peremende laini, hugandishwa kwa jelatini. Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, akiwamo nguruwe. Mzazi akikosa uhakika wa asili yake hubaki katika shaka, na sisi tumeamrishwa kuyaepuka yenye shaka. Mwani unagandisha, na hauna mnyama ndani yake. Mama anayeupika mwenyewe anajua kilichomo katika bakuli la mwanawe.

Jikoni

Haya niliyaona kwa macho yangu mke wangu alipoufanyia kazi mwani ule.

Kwanza ni usafi. Chagua mwani uliokaushwa juu ya vichanja au nyavu, si ule ulioanikwa mchangani. Usiokote uliotupwa ufukweni ukaoza, wala uliovunwa karibu na mifereji ya maji machafu. Uoshe mara kadhaa, uondoe mchanga, kamba na kome, kisha uroweke usiku kucha katika maji ya mfereji, ukiyabadilisha mara mbili au tatu. Hivyo chumvi hutoka, harufu ya bahari hupungua, na mwani huvimba ukawa laini.

Kwa faluda, chukua kikombe 1 cha mwani uliokwisha kulainika, uukatekate, uuchemshe kwa vikombe 3 vya maji, moto mdogo, kiasi cha nusu saa au zaidi, hadi uyeyuke na maji yawe mazito. Uchuje ungali wa moto kwa kitambaa safi. Rudisha uji ule jikoni, tia vikombe 3 vya maziwa, sukari kwa kadiri upendavyo, iliki iliyopondwa na zafarani kidogo. Koroga hadi upate moto vizuri, mimina katika bakuli, uache upoe. Aina iitwayo kotonii huganda imara zaidi, na spinosum huganda laini. Ukiona haijashika, irudishe motoni ipungue maji. Anayependa tui la nazi badala ya maziwa na alitie mwishoni, asiliache likachemka sana na kukatika.

Kwa kachumbari, tumia mwani mbichi uliooshwa vyema. Utose katika maji yanayochemka kwa muda mfupi tu, kwani ukizidi utayeyuka. Uchuje, upoze, uukate, uchanganye na kitunguu, nyanya, pilipili na ndimu. Huliwa na samaki wa kukaanga au wali. Aidha, kijiko cha unga wa mwani huufanya mchuzi uwe mzito bila kuongeza unga wa ngano.

Tahadhari ni hizi. Mwani una madini ya joto, hivyo mwenye maradhi ya tezi ya shingo na amuulize daktari wake kwanza. Mwenye shinikizo la damu aukoshe chumvi zaidi. Mjamzito na anayenyonyesha nao waulize kabla ya kuuzoea. Kwa wote, kiasi ndiyo sheria: ni chakula cha mara moja moja, si cha kujaza sinia kila siku.

Katika ngozi

Akina mama wa pwani wanaijua singo tangu enzi za mabibi zetu. Mwani unaingia humo bila taabu. Saga mwani mkavu uliooshwa hadi uwe unga laini kabisa, kwa kuwa ukiwa na chenga utakwaruza. Changanya vijiko 2 vya unga huo na kijiko 1 cha liwa, kisha tia marashi ya mawaridi kidogo kidogo mpaka ushikane. Paka katika ngozi iliyolowana, sugua taratibu, kisha oga. Anayetaka jepesi zaidi na achukue uji wa mwani uliochujwa, usiotiwa sukari wala maziwa, aupake usoni kwa muda mfupi na kuuosha. Uji huo uwekwe katika jokofu na utumike ndani ya siku chache, na ukibadilika harufu umwagwe.

Kabla ya yote, jaribu kidogo kwenye kiwiko, upande wa ndani, usubiri siku nzima. Ukiwashwa, acha. Usipake katika kidonda wala karibu na macho. Na jambo moja ambalo wengi hulisahau: utelezi wa mwani ukikauka huacha utando juu ya ngozi. Basi uoshwe wote kabla ya kutia udhu, ili maji yafike panapostahiki.

Sabuni ya mwani ni kazi nyingine. Vikundi vya akina mama hapa Zanzibar wamejifunza kuitengeneza na kuiuza. Miongoni mwa waliosimama mbele katika kuwasaidia ni mtafiti Dkt. Flower Msuya, aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo hapa Unguja. Lakini sabuni hutengenezwa kwa magadi makali yaitwayo kostiki soda, ambayo huunguza ngozi na macho. Asijaribu mtu kwa kusikia tu. Ajifunze kwa mjuzi, avae glavu, na watoto wawe mbali.

Nawasihi pia tusiuzulie mwani maajabu. Siku hizi kila kitu cha asili kinatangazwa kuwa dawa ya maradhi yote. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayejitia utabibu, hali ya kuwa hajulikani kwa utabibu, ana dhamana juu ya madhara anayoyasababisha. Mwani unailainisha ngozi. Hautibu ukurutu, wala haumfanyi mtu awe mweupe, wala hatuhitaji uweupe huo. Mabinti zetu wengi wanaharibu nyuso zao kwa mkorogo wenye zebaki kabla ya harusi. Mama akikaa na binti yake wakasaga singo pamoja, huenda katika mazungumzo yale binti akasikia neno alilolihitaji kuliko krimu yoyote: kwamba rangi aliyopewa na Mola wake haina kasoro.

Siku ya futari

Narejea katika kisa. Ijumaa ya kwanza ya Ramadhani, mke wangu na wenzake walipeleka msikitini masinia ya faluda. Hatukusema imegandishwa kwa nini. Baada ya Magharibi yule mjumbe aliyetia mzaha aliomba bakuli la pili. Nilimwambia, "Sheikh, hayo ndiyo majani ya bahari." Alinyamaza kidogo, akasema "Astaghfirullah", kisha akaniuliza nyumba ya bi yule.

Tulikwenda wawili baada ya Tarawehe, tukiwa na bakuli lililofunikwa. Tulibisha hodi, tukabaki barazani, naye akatoka na mjukuu wake. Mwenzangu alimwomba radhi kwa maneno machache, nami pia. Alitusamehe kabla hatujamaliza. Kisha akaonja.

"Huu ndio mwani wangu?"

"Ndio wenyewe, bi."

"Mwanangu, tangu nianze kulima mwani sijapata kuuonja. Sisi hufunga, hukausha, huuza. Hakuna aliyetwambia kuwa unalika."

Maneno hayo hayajanitoka. Mtu anaweza kuinama katika maji miaka mingi kwa kitu ambacho hajawahi kukionja, si kwa kunyimwa, bali kwa sababu sisi tuliosoma hatukuona kuwa ni jambo la kumwambia. Ndiyo maana leo nimeiandika safu hii. Akina mama wanaolima mwani, wekeni fungu la nyumbani kabla ya mnunuzi hajafika. Nanyi mnaoishi mbali na bahari, mkiuona sokoni mwani safi au sabuni yake, nunueni kwa wenyewe, wala msipunguze bei kwa mtu aliyeloa maji ya chumvi tangu alfajiri.

Usiku ule niliporudi nililifungua daftari la kamati. Katika ile sehemu niliyoiacha wazi niliandika: "Mwani mkavu, kilo 6. Umefuturisha msikiti mzima." Thamani yake anaijua Allah.

Mola wetu atujaalie kuthamini riziki iliyo karibu nasi na mikono inayoileta, na atuepushe na kudharau kheri hata ikiwa ndogo machoni petu. Amin.

Wabillahi tawfiq.