Kadi Ikiachwa na Kiwanda, Tupeni Ufunguo

Mteja akiingia dukani kwangu Kariakoo kutafuta kadi ya grafiki, maswali yake nayajua kabla hajafungua mdomo: ina memori gigabaiti ngapi, na gemu gani inalimudu. Ni nadra mtu kuuliza inakula umeme kiasi gani ikiwa haina kazi. Lakini humo ndimo pesa inamopotelea, maana kompyuta nyingi ninazounda haziendi kwa wacheza gemu wa usiku kucha. Zinaenda stesheneri, zinaenda kwa wahariri wa video za harusi. Mhariri anakata na kuunganisha picha kwa saa mbili, kisha anashinda WhatsApp akibishana na familia ya bibi harusi kuhusu wimbo wa kuingilia ukumbini. Muda wote huo kadi imewaka, inasubiri.

Hebu tupige hesabu ya mashine moja. Wati 40 za bure kwa saa kumi ni uniti 0.4. Mteja wa kawaida wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, hununua uniti kwa shilingi 356 hivi, kodi na tozo zikiwa ndani. Kwa siku 26 za kazi ni kama shilingi 3,700. Ukiwa na chuo cha kompyuta chenye mashine kumi, ni 37,000 kila mwezi ambazo hazikumfundisha mwanafunzi yeyote kitu. Najua kuna atakayenikumbusha Bwawa la Julius Nyerere na megawati zake 2,115. Ni kweli, bwawa tunalo, lakini LUKU inahesabu uniti, haiulizi zimetoka mto gani. Na umeme ukikatika mtaani, kinachobaki ni UPS. Ile ndogo inayouzwa sana ina betri ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi, na kiuhalisia pungufu ya hapo. Kadi inayonyonya wati 40 bila kazi inagombania betri hiyo na mtu anayehangaika kusevu faili la mteja.

Kwa nini kadi iliyokaa bure isitulie? Mara nyingi tatizo ni memori. Picha unayoiona kwenye skrini inasomwa kutoka memori ya kadi mara 60 kila sekunde, au zaidi. Kati ya picha moja na inayofuata kuna pengo dogo, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ni katika pengo hilo tu ambapo kadi inaweza kubadili kasi ya memori bila picha kuruka. Unganisha skrini mbili ambazo mapengo yao hayakutani, na kadi haipati nafasi. Inachagua usalama: memori inabaki kwenye kasi ya juu tangu asubuhi mpaka unapofunga ofisi, hata kama kilichofunguliwa ni barua ya Word peke yake. Skrini yenye hezi nyingi nayo huleta shida hiyohiyo, kwa sababu pengo lake ni fupi mno.

Mambo haya yote yameandikwa kwenye bayosi ya kadi, programu ndogo iliyochomwa ndani ya chipu: ngazi za kasi, volti ya kila ngazi, feni ianze lini. Ni jedwali la namba tu. Namba zinabadilika, ukiruhusiwa kuzigusa.

Mfano ninaopenda kuutaja ni Radeon HD 4870 ya AMD, iliyotoka Juni 2008. Ndiyo iliyotangulia sokoni na memori ya GDDR5, na kwa kasi ilisifiwa kwa haki. Ikiwa imekaa bure, hata hivyo, ilikula wati 90, na takwimu hiyo ni ya AMD wenyewe. Memori haikushuka ipasavyo, kwa kuwa kubadili kasi ya GDDR5 ya wakati ule kulifanya skrini imetemete. Wenye kadi hawakukaa kusubiri. Walifungua bayosi kwa programu ya bure iliyoitwa Radeon BIOS Editor, wakashusha kasi ya memori ya wakati wa mapumziko, wakaichoma upya. Waliokoa wati 30 na kuendelea, gharama yake ikiwa skrini kumeta mara moja kadi inapoamka. Septemba 2009 AMD ikatoa HD 5870, yenye nguvu kuliko ile, ikakaa bure kwa wati 27. Kumbe iliwezekana.

Usidhani ni habari za zamani. Oktoba 2022 Intel ilipoleta Arc A770 na A750, wapimaji walizikuta zinakula karibu wati 40 bila kazi. Intel ikatoa maelekezo: ingia kwenye bayosi ya mazabodi, washa ASPM, ambayo ni njia ya kuulaza mkondo wa data kati ya mazabodi na kadi, kisha urekebishe mpango wa umeme ndani ya Windows. Kompyuta zilizokubali zilishuka hadi chini ya nusu. Yaani kadi mpya kabisa, na dawa yake ni vitufe viwili vilivyofichwa kwenye menyu ambayo mnunuzi wa kawaida hataifungua maisha yake yote. AMD nayo Desemba 2022 ilitoa RX 7900 XTX, ambayo ikifungiwa skrini mbili ilikaa karibu wati 100, na ikabidi ipunguzwe kwa draiva zilizofuata mwaka 2023.

Hapa kwetu kadi ninayoishughulikia zaidi ni RX 580. Zilizagaa baada ya Septemba 2022, sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki na wachimbaji wakazimwaga sokoni. Nyingine zinafika zikiwa bado na bayosi ya mgodini. Kwanza nanakili bayosi niliyoikuta, na ndipo naweka ya kiwanda. Kaka mmoja wa video pale Sinza alikuwa na skrini ya hezi 75 na nyingine ya 60. Tulizisawazisha zote kwenye 60, nikashusha kidogo volti za ngazi za chini kwenye jedwali, na kipimo cha soketi kikashuka kwa wati ishirini na kitu. Aliniuliza kama kadi itakuwa nzito akihariri kwenye Premiere. Haikuwa, kwa sababu ngazi ya juu sikuigusa.

Sasa niletee kadi ya Nvidia kuanzia familia ya GTX 1000, iliyoanza Mei 2016, nikufanyie vivyo hivyo. Siwezi. Bayosi yake ina saini ya kidijitali ya kiwanda, na ukigeuza tarakimu moja saini inavunjika na kadi inagoma. AMD walifuata njia hiyohiyo na Vega mwaka 2017. Kadi umeinunua kwa pesa yako, umeme unaulipia wewe, ila namba zinazoamua umeme huo si zako.

Viwanda vina hoja, na fundi wa Kariakoo ndiye wa mwisho kuikataa. Matapeli walichukua kadi kuukuu zisizo na saini, kama GTS 450, wakachoma bayosi inayojitangaza kuwa GTX 1050 Ti, wakaziuza. Zimepita mikononi mwangu, na kumweleza kijana aliyechanga miezi kadhaa kwamba amenunua kadi ya mwaka 2010 si kazi ninayoifurahia. Saini imewabana matapeli hao. Pia kuna watu wa kupandisha volti mpaka kadi iungue, kisha wanadai waranti. Waranti zetu za mkononi, tunajua wote, huisha mteja akivuka barabara, lakini huko kadi zinakotoka jambo hilo ni zito.

Serikali pia zimeanza kuona wati hizi, ingawa kwa jicho moja. Umoja wa Ulaya tangu 2013 umezuia vifaa vingi vya nyumbani visizidi nusu wati vikiwa vimelazwa. Kompyuta iliyo macho lakini haina kazi haihesabiwi kuwa imelala, kwa hiyo kikomo hicho hakiigusi. California ilikwenda mbali zaidi, na mwaka 2021 Dell iliacha kupeleka huko baadhi ya mashine zake za gemu kwa sababu ya sheria ya umeme wa kukaa bure. Sheria za namna hiyo hushika mashine mpya. Zilizotumika, ambazo ndizo zinazoshuka bandarini kwetu, hakuna anayeziuliza.

Kwa hiyo ninachodai kina mpaka. Mwaka 2025 Nvidia ilitangaza kuwa draiva za kawaida za GTX 900 na GTX 1000 zinaishia Oktoba mwaka huo, na baada ya hapo ni marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Kwa haki niseme GTX 1060 yenye skrini moja hutulia vizuri kuliko RX 580. Ni skrini ya pili yenye hezi tofauti inayoweza kuiharibia, na sasa hakuna draiva mpya itakayokuja kuirekebisha. Kiwanda kikifika hapo kitoe zana rasmi ya kuhariri jedwali la kasi na volti, kiweke kikomo cha juu ili pasiwe na cha kuunguza, na jina la kadi pamoja na namba ya chipu vibaki vimefungwa kwa saini kama vilivyo leo. Tapeli wa GTS 450 hatapata kitu humo. Mimi nitapata wati zangu ishirini.