Kijana wa Salamabila aingie jeshini peke yake, siyo pamoja na kundi lake

Katika eneo la Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, kijana hana haja ya kwenda mbali kutafuta bunduki. Kwa miaka mingi, kandokando ya machimbo ya dhahabu ya Salamabila na Namoya, bunduki ndiyo imekuwa ikimtafuta yeye. Mai-Mai Malaika wameandikisha vijana wa vijiji vinavyozunguka, hata watoto. Mwaka 2017, na tena mwaka 2019, wafanyakazi wa mgodi wa Namoya walitekwa nyara, na Septemba 2019 kampuni ya Banro ikasimamisha kazi. Wakaaji wao wamebaki wakibeba magodoro kichwani kila risasi zinaposikika, wakirudi, kisha wakikimbia tena.

Leo wengi kati ya vijana hao wanasema wamechoka na pori. Wamoja wanataka kurudi shambani au kwenye machimbo. Wengine wanaomba kuvaa sare ya FARDC. Na nchi inahitaji watu: tarehe 3 Novemba 2022, Rais Félix Tshisekedi aliwaita vijana wajiandikishe jeshini kwa wingi ili kulinda taifa. Swali siyo kama kijana wa Salamabila anaweza kuwa askari mzuri. Anaweza. Swali ni kwa mlango gani ataingia.

Mtu asiyejua kambi ya mafunzo hudhani kuruti anakwenda kule kujifunza kufyatua risasi. Lakini kijana aliyetoka porini kufyatua tayari anajua. Asichokijua ni kumtegemea mtu asiye ndugu yake. Siku za kwanza kila kuruti hutafuta mwenzake wa nyumbani: Mubangubangu anakaa na Mubangubangu, Mzimba na Mzimba, Mkusu na Mkusu. Wa Maniema anasikia amri zikitolewa kwa Kilingala, anageuka kushoto wakati wenzake wamegeuka kulia, na wote wanacheka. Mmoja akichelewa kwenye mstari, kikosi kizima kinarudia mbio. Usiku wa kwanza wote wanamchukia aliyechelewa. Wiki chache baadaye, wenye nguvu wanaanza kumwamsha mapema, kumfunga viatu vizuri, kumbebea mzigo kwenye kilima cha mwisho. Hakuna aliyewahubiria umoja. Wamegundua wenyewe kwamba aliye dhaifu wasipomwinua, watalala wamechoka wote.

Zamu ya ulinzi usiku inamaliza kazi hiyo. Mmoja analala, mmoja anakesha. Anayelala hana njia nyingine isipokuwa kuamini macho ya mtu kutoka Kasai au Ekwateri, ambaye mwezi uliopita hakujua jina lake. Siku ile anapolala bila hofu, amekwisha kuwa askari, hata kabla ya kula kiapo.

Jambo hilo halifanyiki ikiwa kundi linaingia jeshini kama lilivyo, na kiongozi wake mbele. Kongo imekwisha kulipia somo hili. Mwaka 2007, katika Kivu Kaskazini, wapiganaji wa CNDP walichanganywa na askari wa serikali katika brigedi zilizobaki palepale nyumbani. Amri za kweli ziliendelea kutoka kwa wakubwa wa zamani, na mwaka huohuo mpango ukavunjika. Mwaka 2009 CNDP waliingizwa tena jeshini haraka haraka. Aprili 2012 sehemu yao wakaasi, na M23 ikazaliwa. Waliokula chungu kimoja porini hawakulazimika kula na wengine, kwa hiyo walitoka jinsi walivyoingia.

Kwa hiyo, programu ya P-DDRCS, iliyoundwa Julai 2021 ili kupokonya silaha na kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya raia, isigeuzwe kuwa njia ya mkato ya kupata cheo. Katiba ya 2006 iko wazi. Kifungu cha 189 kinadai askari awe na afya, elimu ya kutosha na mwenendo mwema, na majimbo yote yawakilishwe kwa haki. Kifungu cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda jeshi lake. Kijana akipimwa mmoja mmoja na kufaa, apelekwe Kitona au Kamina, mbali na machimbo, achanganywe na wenzake wa majimbo mengine, na amalize mafunzo yote. Asiyefaa asaidiwe kupata jembe, ufundi au kazi halali ya uchimbaji. Mtoto asiguswe na mambo ya sare. Nafasi yake ni shuleni.

Wamama wa Salamabila wanaweza kuuliza: watoto wetu wakienda mbali, nani atatulinda? Na wana haki ya kuuliza, kwani askari mgeni asiyejua njia za pori, anayesimamisha kizuizi kwenye barabara ya machimbo na kudai franka kwa kila mpita njia, siyo mlinzi. Lakini dawa siyo kumrudishia kijana bunduki katika kijiji chake, mbele ya jirani aliyegombana naye juu ya shimo la dhahabu. Dawa ni kikosi kilichochanganyika, ambamo wa Kabambare anaonyesha njia na wa Bandundu hana kisasi na mtu.

Serikali nayo ina deni. Umoja wa makuruti hujengwa kwenye sahani na mshahara kama vile kwenye mbio za asubuhi. Ndiyo maana ujumbe wa Umoja wa Ulaya, EUSEC, ulioanza kazi mwaka 2005, ulisaidia kutenganisha njia ya mishahara na njia ya amri: kamanda anayeongoza vita asiwe yeye anayehesabu pesa za askari wake. Kuruti akiona maharagi yake yanapungua njiani kutoka ghalani hadi sahanini, atajifunza somo moja tu, kwamba kila mtu ajitafutie. Somo hilo atalibeba hadi kwenye kizuizi cha kwanza.

Vijana wa Kabambare na Kasongo wamepewa bunduki na watu wengi. Wachache ndio waliopewa mwenzao wa kumlinda na wa kuwalinda. Jeshi likiwapa hilo, Salamabila itapata askari. Likiwapa sare tu, itapata Malaika wengine, safari hii wenye namba ya jeshi.