MARAFIKI WA BABA YAKO WAKO WAPI?



Ndugu zangu katika imani, leo nataka niseme jambo ambalo mimi mwenyewe nimelikosea kwa miaka kumi na moja. Nalisema ili Allah anisamehe, na ili wewe mwenye nafasi usilikosee kama mimi.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa laini za umeme, upande wa Muheza, mkoani Tanga. Wale wanaopanda nguzo. Masika yakianza, miti ya milimani huko njia ya Amani inaangukia waya, mji mzima unakuwa giza, na watu wanajifungia ndani. Baba ndiyo wakati wake wa kutoka. Anavaa koti la mvua, anabeba mkanda wake wa kupandia nguzo, anambusu mdogo wetu kichwani, anasema "Bismillah" mlangoni, anapotea gizani. Sisi tunabaki na mama tunasikiliza mvua. Ghafla usiku wa manane tunasikia watoto wa mtaa wa pili wanapiga kelele: "Umeruuudi!" Mama anashusha pumzi, anasema "Alhamdulillah, mzima." Maana taa za watu zikiwaka, sisi tunajua baba ameshashuka.

Na kwetu hakukuwa na umeme. Tulikuwa tunasoma kwa chemli. Watu walimcheka: fundi mzima, nguzo iko mbele ya mlango wako, unashindwa kujivutia waya? Alikuwa anajibu, "Ule si wangu, ni amana." Tuliwekewa umeme siku alipoweza kuulipia, nami nimeshamaliza darasa la saba.

Rahimahullah. Nikinusa nguzo mpya iliyopakwa dawa namkumbuka yeye. Shati lake lilikuwa na harufu hiyo hiyo.

Sasa sikilizeni. Fundi wa laini hapandi nguzo peke yake. Ile laini ya volti 33,000 haitaki hata uishike. Ukiisogelea tu inakuua. Kwa hiyo kabla hajapanda, umeme lazima uzimwe, swichi ifungwe kufuli, waya upimwe, kisha laini iunganishwe na ardhi. Enzi hizo simu hakuna. Baba anaweza kuwa juu ya nguzo kilomita kadhaa porini, na kule kwenye swichi amebaki mwenzake na ufunguo. Yule mwenzake akikosea, akasinzia, au akatishwa na mtu akawasha, baba amekwisha. Roho ya mtu inakuwa mfukoni mwa mtu mwingine.

Baba alikuwa na mwenzake huyo mmoja kwa miaka mingi. Alimwita "sahibu". Na sisi tulimwita Baba Mdogo.

Siku moja, mwanzoni mwa miaka ya 80, baba akiwa juu ya laini, akaja mtu mmoja mkubwa na gari na vijana wake. Ana sherehe yake, anataka umeme urudi. Baba Mdogo akamwambia, "Mwenzangu yuko juu." Wakamwambia ameshashuka, wamemwona. Akasema, "Mimi sijamwona." Wakamtukana, kijana mmoja akamzaba kofi. Akakaa chini ya nguzo ya swichi, ufunguo ameufumbata mkononi, mpaka magharibi, mpaka alipomwona baba kwa macho yake anakuja kwa miguu. Ndipo akasimama akawasha.

Kumbe baba wakati ule alikuwa bado juu.

Baba alitusimulia kisa hiki mara nyingi, na kila mara alimalizia hivi: "Ninyi wote mliozaliwa baada ya siku ile, mshukuruni Mwenyezi Mungu, kisha mshukuruni sahibu yangu." Wadogo zangu watatu wamezaliwa baada ya siku ile.

Nilipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, baba hakuwa na pesa ya kutosha. Godoro na tranka nililokwenda nalo alinunua Baba Mdogo.

Baba akafariki. Tukazika. Kila mwaka watoto tunakutana, tunapika, tunamwombea dua, tunaweka picha yake kwenye simu zetu na maneno mazuri. Mimi mwenyewe nimeshasimama juu ya mimbari mara ngapi nikihimiza kuwafanyia wema wazazi. Mwaka huu, baada ya sala ya isha, kijana mmoja wa kazi za laini akanifuata msikitini akaniambia, "Sheikh, kuna mzee kule Muheza anaulizia watoto wa mwenzake. Anasema, kama wapo hai, awaone kabla hajafa."

Wallahi nilikaa chini.

Muheza na hapa nilipo ni mwendo wa saa moja kwa gari. Miaka kumi na moja.

Nilikwenda. Nikamkuta chumba kimoja, macho hayaoni vizuri, anaishi na mjukuu. Hakunilaumu, wala hakuomba kitu. Aliuliza tu, "Shemeji yangu hajambo?" Mama yangu alikuwa ana miaka minne kaburini. Hakuna aliyemwambia. Mzee akanyamaza, kisha akasema, "Ningekuja kuzika." Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye somo langu.

Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba Abdullah bin Umar (r.a.) alikuwa safarini kwenda Makka, akakutana na bedui. Akampa punda wake aliyekuwa akimpanda kujipumzisha na ngamia, akampa na kilemba alichokuwa amekivaa kichwani. Wenzake wakashangaa, wakamwambia mabedui hawa huridhika na kitu kidogo tu. Akawaeleza kuwa baba wa bwana huyu alikuwa rafiki wa baba yake, Umar, na kwamba alimsikia Mtume (s.a.w.) akifundisha kuwa katika wema mkubwa kabisa ni mtu kuwaunga wale aliowapenda baba yake.

Angalia: rafiki mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ni mtoto wa rafiki! Na alichopewa si masalio. Ni vitu alivyokuwa anavitumia Ibn Umar mwenyewe, njiani, juani.

Na Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe, baada ya kufa Bibi Khadija (r.a.), alikuwa akichinja mbuzi anawapelekea nyama marafiki wa Bibi Khadija. Miaka imepita, bado anawakumbuka.

Kwa nini sisi tumelisahau? Mimi naona sababu ni moja. Mtu akifa, tunawatafuta warithi. Mjane ana thumuni yake, mama ana sudusi yake, watoto wana fungu lao. Ndugu akisahauliwa, atakuja kudai. Rafiki hana fungu. Hana kesi ya kufungua. Hawezi kuja kusema "nilipeni urafiki wangu". Anakaa kwake kimya. Kwa hiyo haki yake inabaki kwa Allah na katika dhamiri ya watoto.

Baadhi ya ndugu wa msikitini waliposikia ninakwenda Muheza kila mwezi wakaniuliza, "Sheikh, lakini yule mzee si Mkristo?" Ndiyo, ni Mkristo. Someni Suratul Mumtahina, aya ya 8: Allah hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita katika dini wala kututoa majumbani mwetu. Na Asmaa bint Abi Bakr (r.a.) alipojiwa na mama yake ambaye bado alikuwa mshirikina, Mtume (s.a.w.) alimwambia amuunge. Ninachompelekea si zaka. Zaka ina watu wake waliotajwa. Ni mali yangu, na ni deni la baba yangu. Aliyempiga kofi siku ile pengine alikuwa na jina kama letu. Aliyepigwa kofi ndiye aliyemrudisha baba yangu nyumbani.

Sisemi tuache dua, sadaka wala kuchimba visima kwa ajili ya wazazi wetu. Endeleeni, tena zidisheni. Nasema mlango huu mwingine tumeuacha umefungwa, na ufunguo tunao.

Kwa hiyo wiki hii, fanya haya:

1. Kama mama au shangazi yupo hai, muulize: baba alikuwa anakaa na nani? Nani alikuja kumwona alipougua? Andika majina.

2. Mpigie mmoja. Usianze na pesa. Anza na salamu, mpe habari za msiba asizozijua, umwache azungumze.

3. Nenda na watoto wako, wamjue. Na usimpige picha ya kuja kutuonyesha sisi.

4. Kama kuna ahadi baba aliiacha kwake, itimize. Kama kuna deni, lilipe kabla hujapika pilau la kumkumbuka.

Na kama alikuwa rafiki wa maovu, usimfuate kwenye maovu yake. Lakini akiumwa, mjulie hali.

Usiniandikie hapa chini "mashaallah sheikh". Inua simu, mpigie mzee.

Ewe Mola wetu, mrehemu baba yangu, mpe nuru kaburini mwake kama alivyowahangaikia watu wapate taa usiku wa mvua. Mrehemu mama yangu. Mwongoze na umlinde mzee wetu wa Muheza. Na utusamehe sisi watoto tuliochelewa. Aamin.

Wabillahi tawfiq.