Milango Miwili ya Kampuni

Ukiokota jiwe lenye kinywe katika ardhi ya Ruangwa, kusini mwa Tanzania, ukalisugua kwa kidole gumba, huacha kidoleni weusi wa kung'aa, laini kama mafuta, usiokubali kutoka kwa kupanguswa nguoni. Nao ni weusi ule ule uliomo ndani ya penseli ya mtoto wa shule. Mkulima wa huko Chinongwe, ambaye riziki yake ni korosho, ufuta na mbaazi, ameukanyaga tangu kuzaliwa pasi na kuuhesabu kuwa ni mali, hata siku hizi ulimwengu ulipoanza kuutaka kwa ajili ya betri za magari ya umeme, na wenye mitaji wakavuka bahari kuufuata. Sina uadui na mitaji hiyo. Ninalolitaka ni insafu, maana kampuni kubwa ina milango miwili ya kuingilia katika sheria, mmoja kabla haijatungwa na mwingine baada ya kutungwa, ilhali mkulima hana hata dirisha.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa hapa kwetu zamani, nao ulikuwa wa karanga. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni ya jamaa ya Unilever, aliipelekea serikali ya London shauri la kulima karanga katika Tanganyika, ili Waingereza waliokuwa na dhiki ya mafuta ya kula baada ya vita wapate faraja. Wajumbe waliotumwa kuichunguza nchi walikaa wiki tisa, na sehemu kubwa ya ardhi waliitazama kutoka angani. Kisha kampuni iliyoleta shauri ndiyo iliyopewa kuianza kazi, na matrekta yalikuwa yakifyeka pori la Kongwa tangu mwaka 1947 wakati Bunge la Uingereza lilipopitisha, mwaka 1948, sheria ya kuunda shirika la kuisimamia. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikawa ni mahali pa majaribio ya ghururi hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ulivunjwa, baada ya kuteketeza kiasi cha pauni milioni 36, na reli iliyojengwa hadi Nachingwea iling'olewa miaka michache baada ya uhuru. Fedha za hasara zilifutwa kwa kalamu huko London. Miti iliyong'olewa haikuwa na daftari la kufutiwa.

Mlango wa pili ni wa karibuni zaidi. Julai 2017 Bunge letu, likifanya kazi kwa hati ya dharura na kwa siku chache tu, lilipitisha sheria za kulinda utajiri wa asili na kuibadili Sheria ya Madini, na miongoni mwa yaliyoondolewa ni leseni ya kuhodhi eneo, ambayo kampuni ya nikeli ya kilima cha Ntaka, wilayani Nachingwea, ilikuwa nayo. Nia ilikuwa njema, na wengi wetu tulishangilia. Lakini Indiana Resources ya Australia, mmiliki mkuu wa mradi huo, kwa kupitia kampuni zake za Uingereza na ikiutegemea mkataba wa uwekezaji wa mwaka 1994 baina ya Uingereza na Tanzania, ilipeleka madai mbele ya waamuzi wa kituo cha usuluhishi kilicho chini ya Benki ya Dunia. Julai 2023 ikapewa dola zaidi ya milioni 109, na mwaka uliofuata pande mbili zikapatana kwa dola milioni 90. Kampuni haikutenda haramu, kwani ilitumia haki iliyoandikwa. Ajabu ni kwamba katika shauri lililotokana na kilima cha Nachingwea mdai alikuwa kampuni na mdaiwa alikuwa serikali, na mwenyeji wa Nachingwea hakuwa na kiti wala ulimi, ingawa deni hilo ni mzigo wa kodi yake.

Watu wakisikia habari za kampuni na watunga sheria, fikira zao hukimbilia rushwa. Naam, rushwa ni uovu usio na utetezi. Lakini mambo haya mawili yanatufunza hatari iliyo nyamavu zaidi, nayo ni haraka. Haraka ilimnufaisha mwenye shauri mwaka 1947, na haraka ilimpa mwenye leseni hoja mwaka 2017, kwa sababu sheria isiyoshauriwa, hata ikitungwa kwa ajili ya mnyonge, humwachia mwenye mawakili nafasi ya kuigeuza.

Nitaambiwa kwamba wabunge wanahitaji elimu ya wataalamu, na kwamba elimu ya madini imo mikononi mwa kampuni. Ni kweli, na wasikilizwe. Ila kuna elimu nyingine, ya kujua kisima kipi hukauka Oktoba na upepo gani hupeleka vumbi kwenye mikorosho wakati wa maua, ambayo haimo katika maofisi ya Dodoma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kukiri kwamba wananchi washirikishwe katika tathmini ya athari za miradi, lakini tathmini zenyewe aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, na mwananchi hushirikishwa kama mgeni aalikwaye arusini baada ya pilau kuliwa.

Basi miswada ya ardhi, madini na mazingira isipelekwe tena kwa hati ya dharura. Kila mkutano wa kampuni na mbunge au waziri juu ya muswada uandikwe katika daftari lililo wazi kwa wote. Tathmini za mazingira zisomwe kwa Kiswahili katika mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kibali. Na Kamati za Bunge zisiwangojee wadau wenye nauli ya kufika Dodoma, bali zije Ruangwa na Nachingwea mwezi wa Oktoba, visima vinapokuwa na tope, zikae chini ya mkorosho, na kila mjumbe alisugue jiwe kwa kidole chake kabla hajaishika kalamu.